Skuta Mpya Yataka Subira

Mfanyakazi aliyejinyima miezi mingi hata akanunua skuta hutamani kuijaribu mbio siku ile ile. Asithubutu. Ringi za pistoni na ukuta wa silinda, hata vikiwa vimechongwa kwa ustadi, bado havijazoeana. Vinahitaji kusuguana polepole mpaka vishikane sawasawa. Vikilazimishwa hupata joto kali na kukwaruzana, na tangu hapo injini hupungua nguvu na kula oili.

Basi, katika kilomita 500 za mwanzo, au umbali uliotajwa katika kijitabu chake, usivute mafuta mpaka mwisho, wala usipande mlima na mzigo mzito. Badilisha mwendo mara kwa mara. Ikiwa injini ni ya mipigo minne, mwaga oili ya kwanza kwa wakati wake, kwani imebeba chembe za chuma. Kaza nati zilizolegea. Ikiwa ina kabureta, skrubu ya mngurumo irekebishwe injini ikisha kupata moto, si ikiwa baridi.

Ndugu msomaji, subira ya wiki chache huokoa fedha ambazo zingemfuata fundi badala ya kulisha watoto.