Kuipa Nyumba ya Ghorofa Sura Mpya Bila Kuidhoofisha

Nyumba ya kupangisha iliyochakaa huleta hasara mara mbili: wapangaji wazuri huihama, na wanaobaki hulipa kodi kwa manung'uniko. Bodi ya chama ikikutana, uamuzi wa kwanza huwa ni kupaka rangi. Rangi hupakwa, lakini masika yakipita michirizi ya ukungu hurejea ukutani, na vyumba vya ndani hubaki na giza lile lile. Shauri la pili, ambalo ni la hatari zaidi, ni kubomoa kuta za chini ili maduka yapanuke na jengo lipendeze kutoka barabarani.

Shauri hili la pili halina budi kuangaliwa kwa makini katika mkoa wa Kagera. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 liliupiga mkoa huu, likaua watu na kuharibu maelfu ya nyumba. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa. Ardhi inapotikisika, kuta za chini ndizo zinazoizuia nyumba isiyumbe. Ghorofa ya chini ikiachwa na nguzo nyembamba tu, huku zile za juu zikiwa na kuta nzito, mtikisiko wote huishia kwenye nguzo hizo. Zikivunjika, jengo zima hushuka juu ya maduka. Kwa hiyo ukuta usiondolewe mpaka mhandisi aliyesajiliwa amethibitisha kuwa haubebi kitu.

Basi mwanga na hewa vitapatikanaje? Njia iliyo salama zaidi ni kuongeza kwa nje badala ya kutoboa ndani. Mjini Paris, Ufaransa, wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal, pamoja na Frédéric Druot, walilikabili hivyo jengo refu la Bois-le-Prêtre, kazi iliyokamilika mwaka 2011. Vassal alikuwa amewahi kufanya kazi nchini Niger. Badala ya kulibomoa, waliongeza roshani pana pembezoni mwa jengo, na madirisha madogo yakageuzwa kuwa milango mikubwa ya vioo. Wapangaji hawakuhamishwa. Mwaka 2017 njia hiyo ilitumika Bordeaux kwa nyumba 530 za familia. Gharama ilikuwa ndogo kuliko ya kubomoa na kujenga upya, na sura ya majengo ikabadilika kabisa, ingawa hakuna aliyeanza kwa kutafuta sura.

Hali ya hewa ya Bukoba si ya Ufaransa, lakini roshani ina kazi kubwa zaidi huku. Mji huu hupata mvua ya karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na mara nyingi mvua huja asubuhi ikisukumwa na upepo wa ziwani. Ukuta unaotazama mashariki bila kivuli hunyonya maji mwaka mzima. Wahaya wa zamani walilijua jambo hili: nyasi za msonge zilishuka mpaka karibu na ardhi, na maji yakamwagika mbali na nyumba. Mapaa mafupi ya siku hizi yamelisahau somo hilo. Paa likitokezwa nje vya kutosha na roshani ikawekwa chini yake, ukuta hukauka, rangi hudumu, na dirisha huweza kuachwa wazi hata mvua inaponyesha. Roshani hiyo hupata nguzo na misingi yake. Jinsi ya kuiunganisha na jengo ni hesabu ya mhandisi, wala si ya fundi.

Maji ya paa nayo ni mali. Paa la mita za mraba 200 kwa mvua hiyo hupokea lita 400,000 kwa mwaka, ijapokuwa sehemu yake hupotea. Katika sehemu za Muleba zilizo mbali na ziwa mvua ni haba zaidi, lakini hesabu ni ile ile. Tahadhari moja: tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Liwekwe juu ya mnara wake ardhini, si juu ya paa la nyumba kuukuu. Kadhalika mapambo mazito ya zege juu ya ukingo wa paa yaachwe, maana ndiyo huwaangukia wapita njia kwanza.

Ndani ya jengo, matofali ya matundu kwenye ukuta wa ngazi huleta mwanga kwa bei ndogo. Vyoo na majiko vikipangwa kimoja juu ya kingine, mabomba hupungua na uvujaji hugundulika upesi. Chini, mita moja ya rangi nzito huficha udongo mwekundu unaorushwa na mvua.

Kwa upande wa taratibu, matumizi makubwa ya namna hii hupelekwa mbele ya mkutano mkuu. Na chama kikikopa, mkopo usivuke ukomo wa madeni ulioidhinishwa na Mrajis. Kibali cha ujenzi huombwa katika Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba au ya Wilaya ya Muleba. Wapangaji waarifiwe mapema kwa maandishi, na kazi iende upande mmoja baada ya mwingine ili kodi isikatike yote. Kabla ya hayo katibu atafute michoro ya awali ya jengo. Isipopatikana, mhandisi atapima upya na kuchunguza nondo na misingi, na gharama hiyo iingizwe katika makisio tangu mwanzo.