Kakao ya Kamango, setilaiti ya Ulaya na pori la vita

Mchimbaji akitoka chimboni na makuta kidogo mfukoni, sisi wote tunajua yanaenda wapi: karo ya watoto, deni la duka, na yakibaki, shamba. Huku upande wa Beni, shamba maana yake ni kakao. Bwana anabaki kwenye karé, mama anabaki na miti. Mwezi ambao shimo halitoi kitu, kiloba kimoja cha kakao kavu ndicho kinalisha nyumba. Kwa hiyo habari ya leo, hata kama inaanzia mbali sana, inagusa sufuria ya mchimbaji.

Huko Ispra, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, kando ya ziwa Maggiore, Umoja wa Ulaya una kituo kikubwa cha utafiti kinachoishi kwa pesa ya kodi ya wananchi wao. Wataalamu wa hapo wamechora ramani ya misitu yote ya dunia, jinsi ilivyokuwa mwaka 2020, kwa kutumia picha za setilaiti. Toleo la kwanza lilitoka mwisho wa mwaka 2023, la pili mwaka 2024. Kamango imo. Nobili imo. Shefferi yote ya Watalinga imo. Ramani hiyo inakata ardhi vipande vya mita 10 kwa mita 10, na kila kipande kinapewa jibu moja tu: ni msitu, ama si msitu.

Kwa nini wajisumbue na miti yetu? Ni juu ya sheria yao namba 2023/1115, iliyoanza kuwepo tarehe 29 Juni 2023. Inasema kwamba kakao, kahawa, mafuta ya ngazi, mpira, soya, mbao na ng'ombe haviingii Ulaya kama vimetoka kwenye shamba lililokatwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Mnunuzi lazima aonyeshe shamba liko wapi duniani, kwa namba. Shamba lisilozidi hekta 4 linahitaji nukta moja. Likizidi hapo, mpaka wake wote uchorwe. Kazi ilipaswa kuanza mwisho wa 2024, ikasukumwa mwaka mmoja, ikasukumwa tena: sasa ni 30 Desemba 2026, na 30 Juni 2027 kwa wafanyabiashara wadogo.

Wachimbaji hawahitaji kufundishwa jambo hili. Tuliliona mbele ya wakulima. Mwaka 2010 Marekani ilipitisha sheria ya madini ya vita, na mwezi wa Septemba mwaka ule ule Kinshasa ikafunga uchimbaji wa mikono Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Tunakumbuka njaa ya miezi ile. Halafu zikaja etiketi za kufunga kwenye kiloba cha koltani na kasiterite, halafu sheria ya Ulaya ya madini iliyoanza kufanya kazi Januari 2021. Kila mara nia ilikuwa nzuri, na kila mara gharama ya kuhakikisha iliteremka, ngazi kwa ngazi, mpaka ikamkuta yule anayeshika koleo. Sasa zamu ya kakao imefika, na anayeshika panga ni mama wa nyumba.

Lakini tusiseme haraka kwamba utafiti wa Wazungu ni adui. Wazee wa Watalinga wanakumbuka kwamba zamani utajiri wa bonde hili ulikuwa kahawa robusta. Kisha ikaja trakeomikozi, ugonjwa wa mnyauko. Mti unakauka kuanzia tawi moja, majani yanaanguka, matunda yanaiva kabla ya wakati, na baada ya miezi kadhaa mti mzima ni kuni. Ugonjwa huu ulionekana Afrika ya Kati tangu mwaka 1927, ukarudi kwa nguvu kaskazini-mashariki mwa Congo, ukateremka hadi kwetu, na mwaka 1993 ukatambuliwa rasmi Uganda. Wapi? Bundibugyo, ng'ambo tu ya mpaka wa Kamango.

Kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 kulikuwa na programu kubwa ya utafiti wa mnyauko huo, iliyolipwa kwa sehemu na Umoja wa Ulaya na serikali ya Uingereza, ikiunganisha watafiti wa Ulaya na wa nchi zetu, Congo ikiwemo. Walichunguza kuvu yenyewe na namna inavyosafiri. Inaingia mtini kupitia kidonda: panga lililokata mti mgonjwa likikata mzima, limeshapeleka ugonjwa. Mti uliokufa ukibebwa kwenda nyumbani kama kuni, ugonjwa unasafiri nao. Dawa ya kupulizia ilikuwa haipo. Kilichosaidia ni kung'oa na kuchoma pale pale, na kupanda aina zinazovumilia. Waganda walichagua miche yao ya robusta isiyoshikwa na mnyauko, wakaizalisha, wakaigawa. Upande wetu, miaka ile ile, watu walikuwa wanakimbia. Wengi waling'oa kahawa, wakapanda kakao, ambayo kuvu hiyo haiisumbui. Elimu ilikuwa ya wote wawili, mto mmoja katikati. Miche ikafika ng'ambo moja zaidi kuliko nyingine. Hilo si kosa la watafiti peke yao.

Turudi kwenye ramani. Kakao yetu haipandwi kwenye jua kali kama mahindi. Inakaa chini ya kivuli: mti mkubwa ulioachwa tangu zamani za babu, avoka, mgomba, mngazi. Ni kilimo ambacho watu wa mazingira wanakisifia, maana udongo haukauki na ndege wanabaki. Sasa setilaiti inapita juu. Inaona nini? Inaona majani ya miti mirefu. Kakao iliyo chini haionekani vizuri, na kipande kile kinaweza kuandikwa msitu. Shamba la mwaka 1998 linageuka kuwa msitu wa mwaka 2020, na mwenye shamba akipunguza kivuli kidogo ili kakao ipate mwanga, picha ya mwaka unaofuata itasema amekata msitu. Mkulima aliyelima vibaya, aliyeacha udongo mtupu, ramani haimsumbui. Aliyelima vizuri ndiye anayeulizwa maswali.

Kisheria hana kosa. Sheria inasema msitu ni eneo la zaidi ya nusu hekta, lenye miti ya zaidi ya mita 5 na kivuli kinachofunika zaidi ya asilimia 10, lakini inatoa nje ardhi ambayo kazi yake kubwa ni kilimo, na kilimo chini ya miti kimo humo. Na Tume ya Ulaya imesema wazi kwamba ramani ya Ispra si ya lazima na si hukumu. Ni chombo cha kupima hatari. Sawa. Ila tunawajua wafanyabiashara. Kampuni inayoweza kutozwa faini kubwa sana haitatuma mtu Kamango kuhakikisha kama ule ni mwavuli wa avoka ama msitu. Itanunua mahali pengine.

Na kuna jambo zito kuliko kivuli. Tarehe 11 Julai 2013 ADF waliingia Kamango. Watu zaidi ya 60,000 walivuka mpaka kwenda Bundibugyo, wengi wakapitia kambi ya Bubukwanga. Desemba mwaka ule ule waasi walirudi tena. Barabara ya Mbau hadi Kamango, inayokata hifadhi ya Virunga, ikawa barabara ya kufa; ndiko walikouawa askari 15 wa Tanzania wa Umoja wa Mataifa, kwenye kambi yao ya Semuliki, Desemba 2017. Kuna familia zilizorudi baada ya miezi, zingine baada ya miaka, zingine zilirudi zikakimbia tena. Hata leo kuna mashamba ambayo mwenyewe anayaangalia kwa mbali tu, maana ADF wameua watu wengi wakiwa katikati ya kuvuna kakao.

Shamba likiachwa miaka saba katika bonde la Semuliki, mvua na joto kama vile, linakuwa pori. Mita 5 linazipita bila shida. Hesabu sasa: umekimbia 2013. Desemba 2020, siku ambayo Ulaya inaitazama, shamba lako ni miti. Umerudi 2022 baada ya majeshi ya Congo na Uganda kuanza operesheni Shujaa, iliyofunguliwa 30 Novemba 2021. Unachukua panga, unasafisha, unafufua kakao ya baba yako. Kutoka juu, wewe ni mtu aliyekata msitu baada ya tarehe ya mwisho.

Tumeisoma sheria hiyo kwa makini. Inakubali ardhi ya kilimo iliyopumzishwa kuwa bado ni ardhi ya kilimo. Hiyo ni mlango. Lakini maneno hayo yaliandikwa na watu wanaofikiria mkulima anayepumzisha shamba kwa kupenda, si mama aliyepumzishwa na bunduki. Neno vita halimo kwenye maana hiyo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ONAPAC, serikali ya jimbo na wabunge wa Beni wangepaswa kupiga kelele, kuliko kulalamika kwa jumla kwamba Wazungu wanatuonea.

Wakati wa kungoja kelele hizo, kuna vitu vya kushika. Kadi ya ukimbizi ya Bubukwanga, ile ambayo wengi waliitupa ama watoto wanaichezea, inaonyesha tarehe uliyokimbia: itunze. Karatasi ya shefu wa kijiji, risiti za zamani za kuuza kakao, picha ya simu ya shina nene ambalo halikuanza jana, hayo yote ni ushahidi wa kwamba shamba lilikuwepo. Na namba za shamba unaweza kuzichukua mwenyewe. GPS ya simu haili mega. Inafanya kazi hata pasipo mtandao. Simama katikati ya shamba, mahali ambapo anga inaonekana, maana chini ya majani mazito namba zinarukaruka, ngoja dakika chache, halafu andika kwenye daftari. Sheria inataka tarakimu sita baada ya nukta. (Tarakimu sita ni usahihi wa sentimita kumi hivi. Ramani yao yenyewe inaona mita kumi. Tucheke kidogo.) Ila mwambie shefu na wanajeshi wa pale kabla ya kuanza kuzungusha simu shambani. Watalinga si mahali pa kuonekana unapima ardhi bila watu kujua.

Kwa aliyepanda ndani ya mpaka wa Virunga, hatuna njia ya kumwonyesha. Hifadhi ilianzishwa mwaka 1925, Umoja wa Ulaya ni mmoja wa wafadhili wake wakubwa, na sheria ya kakao inataka pia kwamba zao liwe limefuata sheria za nchi lilipolimwa.

Wako wanaosema: basi tutavusha Nobili, Uganda watanunua. Watanunua kweli, kama wanavyonunua siku zote. Lakini kakao isiyo na namba ya shamba ikichanganywa na yenye namba, kiloba chote, hata kontena yote, inapoteza haki ya kuingia Ulaya. Mnunuzi wa ng'ambo anajua hivyo, na bei atakayokupa itajua hivyo pia. Mwisho wa 2024 kakao ilipita dola 12,000 kwa tani kwenye soko la New York, kila mtu akanunua bila kuuliza. Bei ile ilishuka mwaka uliofuata. Bei ikiwa chini, maswali yanarudi.

Bado neno moja, juu ya kiloba chenyewe. Ulaya inapima pia kile kinachoingia kwenye kokwa kutoka nje. Kokwa ya kakao karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta yananyonya. Wataalamu wa usalama wa chakula wa Umoja wa Ulaya, wenye ofisi Parma, wamefuatilia mafuta ya petroli yanayohamia kwenye chakula kutoka kwenye vifungashio. Magunia ya katani ya jute zamani yalilainishwa kwa mafuta ya aina hiyo kiwandani, ndiyo maana siku hizi ya kakao yanatakiwa kulainishwa kwa mafuta ya mimea. Moshi wa kuni nao una kipimo chake, kwa hiyo kakao iliyokaushwa juu ya moto inaweza kukataliwa bandarini hata kama ramani haina neno. Kuchachusha kwa siku tano, sita chini ya majani ya mgomba, kama wanavyofanya mama zetu, hakuna anayekulaumu. Tatizo linaanza baadaye, kwenye kukausha na kufunga.

Na nyumba ya mchimbaji ina tatizo lake yenyewe, maana viloba vinazunguka. Kile kilichobeba mchanga wa dhahabu, ama kilicholala karibu na zebaki, ama kilichofunika bido ya mazutu, kinaoshwa mtoni, kinaanikwa, kinajazwa kakao. Harufu ya mazutu haitoki kwa sabuni, na zebaki haina harufu ya kukuambia bado imo. Mwezi wa mavuno, nunua viloba vipya vya kakao, uviweke juu, mbali na vyombo vya shimo, na vile vya chimboni vibaki na bwana kwenye karé.