Studio ya Karatu na lenzi iliyokuja na kamera

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa na kukatiza katikati ya Karatu kabla ya kufika lango la Lodoare. Magari ya watalii yanayoelekea Kreta ya Ngorongoro hupita hapo kila asubuhi yakiwa yamebeba lenzi za milimita 400 hata 600, nyingine kwa bei ya kununulia gari. Kando ya barabara hiyohiyo, ndani ya fremu za maduka, hupigwa picha za aina nyingine kabisa: za pasipoti, za mahafali, za kipaimara, za familia iliyovaa vitambaa vya sare. Vifaa ni pazia, kiti, taa moja au mbili, na kamera yenye lenzi ile iliyokuja nayo ndani ya boksi.

Lenzi hiyo huwa imeandikwa 18–55 mm, na pembeni yake 1:3.5–5.6. Ni ya zumu, nyepesi, mwili wake karibu wote plastiki. Wapiga picha wengi huionea haya, na wakipata fedha kidogo jambo la kwanza ni kuibadilisha. Naamini kwa kazi ya studio wanakosea, na fizikia inaniunga mkono. Faru aliye mita mia mbili hasikii ukimwambia asogee, wala huwezi kumhamisha kutoka kwenye jua kali. Binti aliyekuja kupiga picha ya kipaimara hukaa pale unapomkalisha, na mwanga huja kutoka upande unaoutaka. Ukishaweza kuamuru umbali na mwanga, lenzi ya bei kubwa inabaki na kazi ndogo sana.

Zumu haikuwa kifaa cha watu wa kawaida tangu mwanzo. Ya kwanza kuuzwa kwa kamera za picha mnato za milimita 35 ilikuwa Zoomar ya Voigtländer, ya milimita 36 hadi 82, iliyobuniwa na Frank Back na kutoka mwaka 1959. Huo ndio mwaka ambao eneo la Ngorongoro lilitenganishwa na Hifadhi ya Serengeti. Ni mwaka huohuo pia, tarehe 17 Julai, Mary Leakey alipoliona fuvu la Zinjanthropus kule Olduvai, kisha yeye na mumewe Louis wakalifunika na kumsubiri mpiga picha Des Bartlett afike ndipo waendelee kuchimba. Zoomar ilikuwa na vioo 14, na ilikuwa nzito na ghali. Baadaye kompyuta zilirahisisha hesabu za kupinda kwa miale, viwanda vikajifunza kufinyanga vioo vyenye mkunjo mgumu badala ya kuvisugua kimoja kimoja, na sensa ndogo ikaruhusu vioo vidogo. Mwaka 2003 Canon waliuza kamera ya EOS 300D pamoja na zumu ya 18–55 kwa bei isiyofika dola 1,000, na watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo.

Tuangalie zile namba 3.5–5.6. Ni kipimo cha tundu linalopitisha mwanga. Gawanya urefu wa fokasi kwa namba hiyo utapata kipenyo cha tundu: milimita 55 kugawanya kwa 5.6 ni karibu milimita 10. Lenzi isiyovutika ya milimita 50 yenye f/1.8 ina tundu la karibu milimita 28, na huingiza mwanga takriban mara kumi zaidi. Tofauti hiyo ndiyo mnunuzi anayoilipia. Lakini mpiga picha wa studio anayetumia flashi hufunga tundu mpaka f/8 hivi, na hapo lenzi zote mbili zinabaki na tundu la milimita sita au saba. Ule upana wa kioo uliolipiwa unakaa gizani, haufanyi chochote.

Kufunga tundu kunaisaidia zaidi ile ya bei nafuu. Miale inayopita pembezoni mwa kioo ndiyo migumu kuikusanya kwenye nukta moja, na udhaifu wa lenzi rahisi huonekana hapo kwanza. Ukifunga tundu, miale hiyo unaikata. Ila usifunge kupita kiasi. Mwanga ukilazimishwa kupita kwenye tundu dogo husambaa, na kila nukta hugeuka kiduara. Kwa f/8 kiduara hicho kina upana wa karibu maikromita 11. Kwa f/22 kinafika 30. Pikseli moja ya kamera ya pikseli milioni 24 yenye sensa ndogo ina upana wa karibu maikromita 4, kwa hiyo kwenye f/22 kope na nyuzi za kitambaa hupoteza ukali hata kama umelenga sawasawa.

Kwa milimita 55 na f/8, mtu akiwa mita moja na nusu kutoka kwenye kamera, eneo lenye ukali lina kina cha karibu sentimita 22. Pua, macho, masikio na sehemu kubwa ya mabega vinaingia. Lenzi ya milimita 50 kwa f/1.8, kwa umbali huohuo, ina sentimita sita tu. Kwa mama wa Kimaasai aliyevaa mkufu mpana wa shanga alioufuma mwenyewe, sentimita sita zingemwonyesha macho na kuifuta kazi ya mikono yake. Ule ukungu wa nyuma unaosifiwa sana hauna maana yoyote mbele ya pazia lisilo na kitu.

Palipo na hatari ya kweli ni kwenye ile namba 18. Fremu nyingi ni fupi, na mpiga picha akikosa nafasi huirudisha zumu kwenye 18 na kumsogelea mteja. Kupata kichwa na mabega kwa milimita 18 inabidi kusimama karibu nusu mita kutoka usoni. Kati ya ncha ya pua na masikio kuna karibu sentimita 12, hivyo pua iko sentimita 50 kutoka kwenye lenzi na masikio yako 62. Pua inachorwa kubwa kwa asilimia 24 kuliko ambavyo ingechorwa kama ingekuwa usawa wa masikio. Rudi nyuma hadi mita moja na nusu, vuta zumu mpaka 55, na ziada hiyo inashuka hadi asilimia 8. Watu husema lenzi imeharibu sura, kumbe ni umbali. Sura hupangwa na mahali kamera iliposimama, na zumu inachagua tu ni kiasi gani cha mbele yako kiingie kwenye picha. Kama kuna jambo moja ningeliandika ukutani mwa kila studio ndogo, ni hili: simama kwanza, vuta baadaye.

Kuhusu mwanga, Karatu ina mazingira magumu na mazuri kwa pamoja. Mji uko karibu nyuzi 3.3 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri hupita karibu sawa na utosi. Mwanga wa namna hiyo hugeuza macho kuwa mashimo mawili meusi na kutupa kivuli cha pua mdomoni. Zaidi ya hayo, jua kama tunavyoliona angani lina upana wa nusu nyuzi tu, na chanzo chembamba cha mwanga hutoa vivuli vyenye kingo kali. Panda mpaka ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, asubuhi ya ukungu, na hali inageuka. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi husukumwa juu na miteremko ya mashariki na kusini, hupoa, na mvuke wake huwa matone. Kila tone hutawanya mwanga, mpaka anga lote linakuwa taa moja. Uso hauna kivuli cha kuudhi, ingawa unaweza pia kukosa umbo.

Studio ni mahali pa kuchagua kati ya hali hizo mbili. Mwavuli mweupe wenye upana wa mita moja, ukiwekwa mita moja kutoka usoni, ni chanzo kikubwa na laini. Huohuo ukipelekwa mita nne mbali unakuwa mdogo na mkali. Nguvu ya mwanga nayo hupungua kwa mraba wa umbali: uso ukiwa mita 1 kutoka kwenye taa na ukuta ukiwa mita 3, ukuta hupata sehemu moja ya tisa tu, na rangi yake nyeupe hugeuka kijivu kilichokolea bila kununua pazia jeusi. Seydou Keïta wa Bamako, aliyefungua studio mwaka 1948, alifanya kazi zake nyingi uani kwa mwanga wa jua. Unguja, Ranchhod Oza alikuwa amefungua Capital Art Studio tangu 1930. Wote wawili walianza kabla zumu ya kamera ya picha mnato haijaingia sokoni, na nyuso walizozipiga bado zinatazamwa.

Udongo wa Karatu nao unaingia kwenye picha. Ni udongo wa asili ya volkano wenye oksidi nyingi za chuma, ambazo hufyonza mwanga wa bluu na kijani na kurudisha mwekundu. Ukimkalisha mtu mlangoni ili apate mwanga wa nje, sehemu ya mwanga huo inakuwa imegonga ardhi kwanza, na chini ya kidevu hutokea wekundu ambao kompyuta haiuondoi vizuri, kwa sababu nusu ya juu ya uso haina. Tandika shuka jeupe mlangoni. Ni dawa ya bei rahisi kuliko zote, na nashangaa jinsi inavyosahaulika.

Jambo ninalolijali kuliko yote ni ngozi. Mwanga unapogonga ngozi, karibu asilimia 4 hurudi palepale juu, na kiasi hicho ni kilekile kwa binadamu wote. Uliobaki huingia ndani, hutawanyika, sehemu yake hufyonzwa na melanini na sehemu hurudi nje. Kwenye ngozi nyeupe ule unaorudi kutoka ndani ni mwingi kiasi kwamba mng'ao wa juu hauonekani sana. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo unakuwa sehemu kubwa ya mwanga wote unaofika kwenye kamera, na ndio unaochora shavu, paji la uso na taya. Na kwa kuwa mng'ao hufanya kama kioo, unaonyesha umbo la taa yenyewe. Flashi ndogo iliyo juu ya kamera huacha vidoa vyeupe puani na kwenye paji, watu wakasema mteja alikuwa na mafuta. Mwavuli mpana ukiwa ubavuni huweka mng'ao mrefu, laini, na uso unapata kina. Hapo hakuna lenzi ya gharama yoyote inayoweza kusahihisha taa iliyowekwa vibaya.

Kamera nayo ina dhana zake. Kipima mwanga chake hujaribu kuifanya picha nzima iwe na wastani wa kijivu. Mweke mtu mweusi mbele ya ukuta mweupe, nayo itaona weupe mwingi, itapunguza mwanga, na uso utatoka giza. Mweke mbele ya pazia jeusi akiwa na koti jeusi, itaongeza mwanga mpaka uso uungue. Kwa miongo mingi maabara za rangi zilisahihisha picha kwa kadi za Kodak zilizokuwa na wanawake weupe, na waliopigwa picha Afrika walilipa gharama ya uamuzi huo bila kuulizwa. Leo inatosha kuweka kamera ipime uso peke yake, au kuachana na upimaji wa kamera kabisa: ISO 100, shata 1/160, f/8, kisha kuongeza au kupunguza nguvu ya flashi ukiangalia ngozi kwenye skrini. Kwa mpangilio huo mwanga wa chumba hauhesabiki. Flashi ikiwa kwenye nguvu ndogo huwaka kwa muda mfupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde, kwa hiyo hata mtoto asiyetulia hutoka mkali.

Vumbi lisipuuzwe. Zumu ya aina hii hurefuka inapovutwa na kunyonya hewa kama mvukuto, na vumbi laini la kiangazi huingia nayo. Punje chache ndani ya lenzi hazionekani kwenye picha. Zilizotua kwenye sensa ndizo zinazoleta madoa, hasa tundu likiwa dogo. Lenzi iliyotoka kwenye baridi ya ukingo wa kreta iachwe ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la chumba, la sivyo unyevu utagandamana kwenye vioo.

Iko kazi inayoishinda lenzi hii, na mpiga picha wa Karatu huiona mapema: ukumbi wa harusi usiku, au kanisa ambalo mchungaji hataki flashi. Pale ambapo f/1.8 ingeruhusu shata ya 1/200, f/5.6 inalazimisha 1/20, na bibi harusi anayeingia akicheza anakuwa ukungu. Kwa kazi hiyo lenzi ya milimita 50 inastahili fedha zake. Kwa studio, fedha hizohizo ningezipeleka kwanza kwenye taa ya pili, mwavuli mweupe wa mita moja, na mita chache za kitambaa cheupe.