Bariadi: Mji unaokua, mfuko bado ni wa pamba

WAFANYABIASHARA wanaotafuta mji wa kati wa kuwekeza, nje ya ushindani mkali wa Mwanza, wana sababu ya kuitazama Bariadi. Hata hivyo, anayefungua duka huko bila kujua kalenda ya pamba anaweza kumaliza mtaji kabla ya mwaka kwisha.

Hadi mwaka 2012 Bariadi ilikuwa makao makuu ya wilaya, chini ya Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ulianzishwa Mkoa wa Simiyu, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Ofisi za mkoa zimeleta watumishi wa mishahara, wanaonunua sukari na saruji hata mvua zikichelewa. Idadi ya watu mkoani nayo imepanda, kutoka 1,584,157 katika sensa ya 2012 hadi 2,140,497 mwaka 2022.

Barabara ya lami inaelekea Lamadi, kwenye njia ya Mwanza hadi Musoma. Upande wa pili inapita Maswa hadi Mwigumbi, kwenye njia ya Shinyanga. Mwenye duka anaweza kuagiza mzigo kutoka pande zote mbili.

Kisiasa, wapiga kura wa eneo hili wamezoea kuchagua wenyewe. John Cheyo wa UDP, aliyepata umaarufu kwa jina la "Bwana Mapesa", aliwahi kuwa mbunge wa Bariadi Mashariki. Mwaka 2010 majimbo ya Maswa yalikwenda Chadema. Baadaye, chini ya mkuu wa mkoa Anthony Mtaka, Simiyu ilihimiza kila wilaya iwe na bidhaa yake: Maswa chaki, Meatu maziwa. Maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020.

Tatizo ni kwamba fedha nyingi za mkulima bado zinatoka kwenye pamba. Ununuzi huanza karibu na Mei, na miezi inayofuata mabati, baiskeli na vitenge hutoka haraka. Mwaka 2019 bei elekezi ilikuwa sh. 1,200 kwa kilo, lakini bei ya dunia ilishuka na wanunuzi wakasuasua. Mkulima asipolipwa, duka lililomkopesha nalo halilipwi.

Kwa hiyo mwekezaji mdogo apange kodi ya fremu kwa kuhesabu miezi mikavu, asikopeshe bidhaa kwa ahadi ya pamba pekee, na achanganye biashara yake na mazao mengine kama dengu, choroko na mpunga. Kabla ya kusaini mkataba wa fremu, aende kuutazama mji mwezi Februari. Wateja atakaowakuta siku hizo ndio watakaomlipia kodi. Wale wa Julai ni faida.