Gofu: Yafaa Kumlipa Mwalimu?

Kijana akitaka kujua useremala au ufundi wa umeme, baba yake hutafuta fedha akampeleka kwa fundi, wala hakuna amchekaye. Lakini mtu mzima akisema kwamba atamlipa mwalimu ili amfundishe kuupiga mpira mdogo kwa fimbo, jirani zake hutikisa kichwa. “Huo ni mchezo tu,” husema. “Fedha ya nyumbani yawezaje kwenda kwa mwalimu wa mchezo?” Swali hilo si la kipuuzi, nasi twataka kulijibu kwa haki, bila kumcheka aulizaye wala alipaye.

Katika nchi hii ya shaba gofu si neno geni. Wakubwa wa migodi waliucheza mchezo huu tangu zamani za Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, ambayo mali zake hapa zilitwaliwa na serikali mwaka 1967. Mjini Lubumbashi mpaka leo uko mtaa uitwao Golf. Ng’ambo ya mpaka, huko Kitwe na Ndola, viwanja vya gofu vilikua pamoja na miji ya migodi. Na kutoka Zambia hiyo hiyo alitokea Madalitso Muthiya, ambaye mwaka 2006 alicheza katika U.S. Open, mashindano makuu ya Marekani. Basi mchezo uliokuwa wa wakubwa peke yao sasa wawavuta pia karani, mwalimu na fundi.

Kwa wasioujua, twaeleza kwa ufupi. Mpira wenyewe hauzidi gramu 46, na shimo la kuutia lina upana wa milimita 108. Mashimo ya uwanja kamili ni 18, na mshindi ni yule aliyepiga mara chache kuliko wenzake. Mpira umetulia chini, haukimbii, wala hakuna akusumbuaye. Kwa hiyo mgeni hudhani kwamba kazi ni rahisi. Huinua fimbo, hupiga kwa nguvu zake zote, na mpira huingia kichakani.

Je, mtu huyo amwendee mwalimu? Wako wasemao hapana, nao wana ushahidi. Huko Durban, Afrika ya Kusini, aliishi Sewsunker Sewgolum, aliyeitwa Papwa, mtu wa asili ya Kihindi. Alianza kwa kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo zao. Aliishika fimbo kinyume cha desturi, mkono wa kushoto ukiwa chini ya ule wa kuume, na mwalimu yeyote angalimkemea. Hata hivyo alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara tatu, mwaka 1959, 1960 na 1964.

Lakini tuangalie vizuri. Mtoto aliyekulia kiwanjani, akibeba mifuko na kuwatazama wachezaji siku baada ya siku, hawezi kusemwa kwamba hakufundishwa. Macho yake yalikuwa shuleni. Hata Bobby Jones wa Marekani, aliyekuwa mwanasheria na hakucheza kwa mshahara, alijifunza utotoni kwa kumwiga Stewart Maiden, mwalimu wa klabu ya kwao mjini Atlanta. Mwaka 1930 Jones alishinda mashindano manne makubwa ya Uingereza na Marekani katika mwaka mmoja. Naye Jack Nicklaus, aliyejipatia mataji makuu 18, alikuwa na desturi ya kurudi kwa mwalimu wake wa utotoni, Jack Grout, wakaanza tena na mambo ya kwanza, kama vile namna ya kuishika fimbo. Ikiwa bingwa wa namna hiyo hakuona haya, sisi tuone haya ya nini?

Sababu yake si ngumu. Pigo moja la gofu halichukui hata sekunde mbili, na mchezaji hajioni. Adhani mkono wake umenyoka, kumbe umepinda. Adhani ameelekea shimoni, kumbe miguu yake yaelekea kando. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Akijizoeza peke yake mwaka mzima, huenda anajizoeza kosa lile lile, na kosa lililozoewa ni gumu kung’oa.

Hata hivyo liko jambo ambalo mwenye kulipa hana budi kulijua mapema. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wachezaji 30 waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi moja lilijizoeza bila mwalimu, la pili lilifundishwa kwa maneno, la tatu mwalimu aliwaonyesha pia picha za video za mapigo yao. Baada ya masomo manne, kila moja la dakika 90, walipimwa. Ajabu ni kwamba waliofundishwa walipiga vibaya kuliko wale wasiofundishwa! Lakini walipopimwa tena baada ya majuma mawili, mambo yaligeuka: waliofundishwa waliwapita wenzao, na wale walioonyeshwa picha waliwapita wote.

Hapo ndipo fedha za wengi hupotelea. Tutoe mfano. Fundi wa umeme wa Kolwezi ameweka akiba kwa miezi mitatu, amlipe mwalimu. Baada ya somo la kwanza mpira wake waenda vibaya kuliko jana. Rafiki zake wacheka, mkewe auliza fedha imenunua nini. Kwa hasira arudia mtindo wake wa zamani, na kuwaambia watu kwamba mwalimu ni mwongo. Kumbe aliondoka mlangoni, nyumba hakuiingia. Karani azoeaye kupiga taipu kwa vidole viwili naye hupunguza mwendo siku aanzapo kutumia vidole kumi. Lakini akivumilia, hawezi kutamani tena viwili vyake.

Basi mwenye nia na afanye hivi. Kwanza, amwendee mwalimu mapema, kabla makosa hayajaota mizizi. Pili, aombe kosa moja lirekebishwe kwa somo moja, maana kichwa kilichojaa maagizo kumi hakipigi mpira. Tatu, baada ya somo ajizoeze peke yake siku kadhaa kabla ya kulipia jingine. Nne, asijifunze kupiga mbali tu, kwani mapigo mengi hupotea karibu na shimo. Tena mwalimu aijue nchi yetu. Kolwezi iko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,400, na mpira huruka mbali kidogo kuliko pwani. Wakati wa kiangazi ardhi ni ngumu, hivyo huzidi kubingirika. Vipimo vya vitabu vya nchi nyingine havitatosha.

Na yule asiye na nafasi ya kujizoeza? Huyo twamshauri azuie fedha yake. Somo lisilofuatwa na mazoezi ni mbegu iliyotupwa barabarani. Vivyo hivyo mwenye deni la karo ya watoto, na alipe karo kwanza, gofu itamngoja. Marafiki wanne waweza pia kumchanga mwalimu mmoja, kila mmoja akajifunza kwa kosa la mwenzake.

Jibu letu basi ni hili: ndiyo, mwalimu afaa, hata kwa yule achezaye kwa furaha yake tu. Lakini ada yake hulipwa mara mbili: mara ya kwanza kwa fedha, mara ya pili kwa kukubali kuonekana mjinga kwa majuma mawili mbele ya rafiki. Wengi wanayo ile ya kwanza. Mwenye kuitoa na ya pili ndiye atakayeuona mpira wake ukienda alikoukusudia.