Ukatili Usio na Fimbo

Mtu ampigaye punda wake sokoni huonekana na watu, hukemewa na wapitao, na pengine hufikishwa mbele ya hakimu. Bali mtu aliyewafungia ndama gizani, katika vizimba vyembamba ambamo mnyama hakuweza hata kugeuka, huku akiwanyima madini ya chuma kwa makusudi ili damu ipungue na nyama iwe nyeupe kwa mnunuzi, alikuwa katika Uingereza ya miaka ya 1960 raia mwema mwenye biashara halali, kwa sababu hakuinua fimbo. Ukatili huu wa pili, uzaliwao na hesabu ya faida wala si na hasira, ndio uliomshughulisha Ruth Harrison kwa takriban miaka 40 ya uhai wake.

Kwa watu wa pwani jambo hili si geni, maana tangu chuoni tumesimuliwa habari ya yule mwanamke aliyemfungia paka, asimpe chakula wala asimwachie akajitafutie wadudu wa ardhini, hata paka akafa na mwanamke akastahiki adhabu. Hapana pigo lolote katika hadithi hiyo. Dhuluma yote imo katika kule kufungia.

Sheria ya Waingereza ilianza na fimbo. Mwaka 1822 Richard Martin, mbunge kutoka Galway, alifaulu kupitisha sheria ya kuwalinda farasi, ng'ombe na kondoo, na mkosaji akawekewa faini isiyozidi pauni 5. Kwa kuwa sheria isiyo na macho haimkamati mtu, miaka miwili baadaye kiliundwa katika mkahawa mmoja wa London chama cha kuwatetea wanyama ambacho leo chajulikana kwa jina la RSPCA, nacho kikawaajiri wakaguzi wa kuzunguka masokoni na machinjioni. Sheria ya mwaka 1911 ikaendelea kuadhibu mateso yasiyo ya lazima. Lakini mfugaji wa kiwandani angeweza kujibu kwamba mateso ya mifugo yake ni ya lazima, kwani pasipo hayo bei ya nyama ingepanda, na sheria haikuwa na jawabu thabiti la kumrudishia.

Harrison alizaliwa London mwaka 1920, akalelewa katika nyumba isiyokula nyama, akajifunza sanaa ya maigizo. Hakuwa daktari wa mifugo wala mwanasheria. Siku moja ilimfikia nyumbani karatasi ya wanaharakati iliyoeleza hali ya wale ndama. Mtu asiyekula nyama angeweza kuona kwamba dhambi hiyo ni ya wengine. Yeye hakuukubali udhuru huo, bali alikwenda mashambani kutazama kwa macho yake. Tena, na hapa ndipo ninapoiona akili yake pevu, aliyasoma majarida na matangazo ya biashara ya ufugaji, akaandika yale ambayo wafugaji na wauza mitambo wenyewe walikuwa wakijisifia: kuku wanaoishi juu ya sakafu ya waya, midomo yao imekatwa, wasiweze kukunjua mbawa. Shahidi anayenukuu maneno ya mshitakiwa mwenyewe ni vigumu kumwita mwongo.

Kitabu chake, Animal Machines, kilitoka mwaka 1964, kikiwa na dibaji ya mwandishi Rachel Carson wa Marekani. Ghadhabu ya wasomaji ilikuwa kubwa, na katika mwaka huo huo serikali ikaunda kamati chini ya Profesa Brambell, iliyotoa ripoti Desemba 1965 na kusema kwamba mnyama wa kufugwa apewe walau uhuru wa kusimama, kulala, kugeuka, kujisafisha mwili na kunyoosha viungo. Tafakari, msomaji, udogo wa haki hizo: kwamba ilibidi wataalamu wakae kikao ili waseme kuwa kiumbe mwenye miguu minne aruhusiwe kugeuka!

Hata hivyo, sheria iliyofuata mwaka 1968 ilikuwa dhaifu kuliko ripoti, kwani miongozo yake ilikuwa ya nasaha tu, na kuivunja peke yake hakukuwa kosa. Harrison, aliyekuwa ameteuliwa katika kamati ya kuishauri serikali, hakuridhika wala hakujitoa, naye aliendelea kuhudhuria vikao vilivyowachosha wengine. Mwaka 1976 Ulaya ikapata mkataba wa kulinda wanyama wa mashambani. Kizimba cha ndama kikapigwa marufuku Uingereza mwaka 1990, na kizuizi cha nguruwe jike mwaka 1999. Mwaka huo wa 1999 Jumuiya ya Ulaya ilikubali kwamba kizimba cha kuku kisicho na kiota wala kijiti kikome ifikapo 2012. Harrison alifariki mwaka 2000.

Vizimba vya kuku vya namna hiyo sasa vinatangazwa na kuuzwa kwa wafugaji wa Dar es Salaam na Nairobi, navyo husifiwa kwa kuokoa nafasi na kupunguza kazi. Simlaumu mfugaji mdogo, mwenye mkopo wa kulipa, kwa kununua anachouziwa kama maendeleo. Tanzania inayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na Kenya inayo Sura ya 360 ya kuzuia ukatili kwa wanyama. Lakini afisa mifugo aingiaye bandani hawezi kupima huruma. Hupima kwa rula. Ulaya, hata katika vizimba ilivyoviruhusu baada ya 2012, iliandika sentimita za mraba 750 kwa kila kuku, na kiota cha kutagia, na kijiti cha kutulia. Tarakimu za namna hiyo, pamoja na mkaguzi mwenye mshahara na nauli ya kufika shambani, ndizo wanazopaswa kudaiwa wabunge wetu.