Mstari Mlalo Katika Ukurasa wa Wavuti

Tagi ya hr ni miongoni mwa mambo ya kwanza anayokutana nayo anayejifunza HTML. Ni herufi mbili tu, haina tagi ya kufunga, na ukiiandika kivinjari huchora mstari kutoka ukingo hadi ukingo. Kwa sababu ni rahisi, wengi huitumia kama pambo na kuitia kila panapoonekana patupu. Naona huko ndiko mambo yanakoharibikia. Toleo la HTML5 la mwaka 2014 linaieleza tagi hii kuwa ishara kwamba mada inabadilika, na programu zinazowasomea wasioona huweza kuitangaza kuwa kitenganishi. Mistari kumi isiyotenganisha chochote ni kero mara kumi kwa msomaji huyo.

Kama hr inabeba maana, basi sura yake ikae kwingine, yaani katika CSS. Zamani haikuwa hivyo. HTML 3.2 ya mwaka 1997 iliruhusu unene, upana na upande wa mstari kuandikwa ndani ya tagi yenyewe, hivyo mwenye tovuti ya kurasa hamsini aliyetaka mstari mwembamba zaidi alilazimika kuzipitia zote hamsini. HTML 4.01 ya mwaka 1999 ikashauri mtindo huo uachwe. Wapo wanaosema vivinjari bado vinaukubali, na ni kweli. Kwa ukurasa mmoja hutaona hasara. Lakini tovuti hukua, na faili moja la CSS hubadilisha mistari yote kwa mara moja.

Kinachowakatisha tamaa wanaoanza ni rangi. Mtu huandika background-color: green, kisha mstari unabaki wa kijivu. Sababu ni kwamba kivinjari huuchukulia mstari kuwa kisanduku kisicho na kimo, na kinachoonekana ni mpaka wake tu. Rangi ya nyuma haina pa kukaa. Dawa ni kuufuta mpaka huo kwanza, kisha kuchora wako upande wa juu:

hr { border: none; border-top: 2px solid green; width: 40%; margin: 2rem auto; }

Neno auto ndilo linaloweka mstari mfupi katikati, na 2rem huupa nafasi juu na chini. Nafasi hiyo isidharauliwe, kwani mstari uliobanwa na maneno pande zote mbili hausomeki kama mpaka hata ukiwa mnene.

Wengine huuliza: kwa nini nisikipe kichwa cha habari border-bottom, nikaachana na hr? Ikiwa mstari ni wa kukipendezesha kichwa, fanya hivyo bila wasiwasi, maana hapo hr ingedai kwamba mada imebadilika ilhali ndiyo kwanza inaanza. Ila pale simulizi inaporuka miaka, au mahojiano yanapokwisha na maoni ya mwandishi kuanza, hakuna kichwa cha kuubeba mstari, na hr ndiyo inayofaa.